Mtoto B wa Profesa Ou

Siku niliyomwona Burhani Khatib akipindua meza ya viatu, tulikuwa tumefahamiana mwaka mzima, nami nilidhani namjua.

Hapa Guangzhou, Mtanzania mwenye mzigo wa kwenda Dar au Unguja hakosi kufika kwa Burhani. Ni wakala. Anakusanya bidhaa za watu, anazipanga kwenye kontena, anazisindikiza mpaka bandari ya Huangpu na kugombana na watu wa forodha kwa niaba ya mwenye mali. Ana miaka thelathini na sita, mrefu, mabega mapana, na akicheka ghorofa ya chini, wa ghorofa ya tatu wanajua amefika. Mimi naitwa Sia, mtu wa Moshi. Nasomea shahada ya uzamivu katika saikolojia, na Jumamosi huwafanyia wafanyabiashara ukalimani.

Jumamosi hiyo ya Machi tulikuwa Liuhua, kwenye majengo ya viatu karibu na stesheni ya treni. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alitaka kutuonyesha boksi la chini kabisa. Lilikuwa na vumbi. Akanyoosha mkono ukutani akachukua kifuta vumbi chake, kile cha kijiti kirefu kilichofungwa manyoya ya jogoo, ambacho hapa hukosi kukiona katika nyumba za wazee na maduka ya zamani.

Sikuona vizuri kilichotokea. Niliona meza imelala ubavu, viatu vya watoto vimetapakaa, na Burhani yuko nje kwenye ujia, mgongo ukutani, jasho linamtiririka, viganja vimeziba masikio. Masikio, si macho. Wenye maduka ya jirani walicheka mpaka wakashika matumbo.

"Dada Sia, tuondoke," alisema. Sauti haikuwa yake.

Tulikaa kwenye ngazi nikamnunulia maji. Alinieleza huku akitazama sakafu. Kuku hamwogopi, anachinja na kula. Lakini manyoya yaliyofungwa kwenye kijiti hayawezi, tangu anajitambua. Utotoni Unguja mama yake alimpeleka kwa masheikh watatu. Alisomewa, akanywa makombe ya aya zilizooshwa kwa maji, akavishwa hirizi. Mmoja wao alisema ni jini.

"Na mimi nimezaliwa hapa hapa Guangzhou, wazazi wangu wakisoma," alisema, akijaribu kucheka. "Basi labda jini lenyewe ni la Kichina."

Niliandika habari hiyo kwenye daftari langu kwa sababu ya masomo yangu, kisha nikaisahau.

Katika idara yetu kuna jina moja lililotajwa kwa heshima kuliko yote: Profesa Ou Huizhen. Amestaafu, ana miaka themanini na moja. Alizaliwa Foshan, binti wa kinyozi, akaingia chuo kusoma saikolojia. Haukupita muda serikali ikalifuta somo lenyewe, vitabu vikafungiwa, naye akapelekwa kijijini kufuga mabata. Huko, bila kitabu wala mwalimu, aliwafundisha mabata mia nane kurudi kutoka mashamba ya mpunga kwa kugonga kikaango. Aliporudishwa chuoni alikuwa wa kwanza katika idara ile kufundisha saikolojia ya tabia, ile inayosema usihangaike na kilichofichika moyoni mwa mtu. Tazama anachofanya, tazama kilichotangulia na kilichofuata. Badilisha hivyo viwili, na mtu atabadilika.

Kilichompa jina ni kazi moja. Mwaka 1988 alimchukua mtoto wa miezi kumi na moja asiyeogopa kitu, akamfundisha hofu, kisha kwa wiki sita akaiondoa hofu ile yote. Vitabuni anaitwa Mtoto B. Juu ya kazi hiyo Profesa alijenga tiba ya watoto wanaoogopa mbwa, wanaoogopa shule, wanaoogopa daktari wa meno. Sisi wanafunzi tulikuwa tumeikariri sura hiyo. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilisimama juu yake.

Mwezi wa Aprili nilipewa kazi ya kuhamishia kanda zake za zamani za video kwenye kompyuta. Nilikaa katika chumba kisicho na dirisha, mimi na mashine moja inayonguruma. Siku ya tatu nikafika kwenye kanda za Mtoto B.

Kwanza nilishangaa kuwa ni mtoto mweusi. Kitabu kilisema tu "mtoto wa mwanafunzi wa kigeni". Mnene, kakaa kwenye mkeka, meno mawili tu. Mkono uliovaa koti jeupe ukamletea kifuta vumbi cha manyoya ya jogoo. Mtoto akacheka, akang'oa unyoya mmoja akautia mdomoni. Nikacheka na mimi.

Mkono ukakileta tena. Safari hii, mtoto alipokigusa, nyuma yake mtu akagonga mfuniko wa chuma kwa nyundo. Mtoto akaanguka kifudifudi. Wakamkalisha, wakamnyamazisha, wakakileta tena, chuma kikalia tena. Nilihesabu mara saba. Mara ya nane chuma hakikulia. Yalikuja manyoya peke yake, kimya kimya. Mtoto alipiga ukelele ambao bado naukumbuka, akatambaa mbio mpaka akagonga ukuta, akakaa pale viganja vikiwa masikioni.

Mwili wangu ulikuwa umeshaelewa kabla akili haijaelewa. Mkono ulikuwa ukilitafuta daftari langu la Machi. Kisha mlango ukasikika ukibamizwa, nje ya picha, na sauti ya mwanamke ikapasua kile chumba kwa Kiswahili:

"Mnamfanya nini mwanangu? Burhani! Burhani, njoo kwa mama!"

Kanda ikaishia hapo.

Nilitafuta kanda za wiki sita za kuondoa hofu. Nilifungua kila boksi, nikasoma kila lebo. Hazikuwepo. Palikuwa na bahasha moja. Ndani yake kulikuwa na fomu ya ridhaa yenye saini ya Bimdogo Msabaha, na kipande cha karatasi kwa mwandiko wa Profesa: "Mama amemchukua mtoto. Hawakurudi."

Na kitabu, kilichotoka miaka miwili baadaye, kinasema: "Hofu iliondoka kabisa." Sentensi hiyo nilikuwa nimeifasiri kwa Kiswahili mimi mwenyewe, nikawasomea wanafunzi wenzangu Watanzania kwa majivuno.

Nilimpigia Burhani. "Kaka, samahani, mama yako anaitwa nani?"

"Bimdogo. Bimdogo Msabaha. Kwani vipi?"

Sikuwa na ruhusa ya kumwonyesha mtu wa nje zile kanda. Lakini huyu hakuwa mtu wa nje. Alikuja siku ya pili mchana, nikamwambia kila kitakachotokea kabla hakijatokea, nikapunguza sauti. Alitazama akiwa amesimama. Manyoya yalipotokea aligeuza uso, akasikiliza tu. Sauti ya mama yake ilipokuja alishika ukingo wa meza.

"Irudishe hapo."

Nikairudisha. Akataka tena, na tena. Kisha akakaa chini sakafuni, lile pande la mtu, miguu kainyoosha mbele kama mtoto.

"Jini," alisema. "Nimebeba jini miaka yote hii. Nimenywa makombe mpaka tumbo likavimba. Nimevaa hirizi shuleni, watoto wakanicheka. Kumbe walikuwa watu! Watu wenye makoti!"

Alimpigia mama yake pale pale, simu kaiweka mezani nami nikisikia.

"Mama, nimeona mkanda."

"Mkanda wa nini, mwanangu?"

"Wangu mimi. Na manyoya. Ulifungua mlango ukaniita."

Burhani akatazama kama simu imekatika.

"Nani kakuonyesha?" Bi Bimdogo aliuliza hatimaye.

Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Alikuwa akisomea ufundi wa nguo. Profesa Ou alimpenda, alimletea maziwa ya unga wakati hayapatikani, alimfundisha kununua sokoni, wakawa kama ndugu. Siku moja akamwomba mtoto, wamtazame anavyocheza. Bi Bimdogo akatia saini. Siku ya nne darasa lilivunjika mapema, akapita kumchukua.

"Nilikubeba hivyo hivyo. Hata kiatu chako sikuchukua. Wiki ile ile tukarudi Unguja."

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama? Miaka yote!"

"Ningekwambiaje? Saini ilikuwa yangu."

"Na masheikh je? Ulijua si jini, ukanipeleka kwa masheikh watatu!"

"Mmoja aliponiambia ni jini, nilitaka kumwamini," alisema Bi Bimdogo. "Ingekuwa nafuu kwangu."

Burhani alikata simu bila kuaga. Kwao huko mtoto hamkatii mama yake simu. Alijitazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Baada ya siku nne tulipanda ngazi za nyumba ya Profesa Ou, mtaa wa zamani wa Haizhu, ghorofa ya sita bila lifti. Njia nzima Burhani alikuwa akinifundisha maneno ya kumtafsiria, na mengi hayaandikiki. Mimi nilikuwa nimempigia Profesa kumwambia tu kwamba nitakuja na mgeni.

Alifungua mwenyewe. Bibi mdogo, mwembamba, miwani minene. Alinitazama mimi, kisha akainua shingo kumtazama yeye. Sikuwa nimetaja jina lolote.

"Bu-er-ha-ni," alisema.

Akaanza kuanguka. Burhani, aliyekuja kutukana, ndiye aliyemdaka kabla hajafika chini, akambeba mpaka kwenye kiti. Nilibaki mlangoni nimeduwaa, sijui niingie au nikimbie.

Profesa alipopata pumzi, Burhani aliuliza, nami nikatafsiri. "Uliandika kwamba hofu iliondoka?"

"Niliandika."

"Iliondoka?"

"Sijui. Wewe hukuwepo."

Sikutarajia angejibu kirahisi hivyo. Nilitaka ajitetee.

"Kwa nini basi uliandika?"

"Maabara ilikuwa ifungwe," alisema Profesa. "Niliamini njia yangu ya kuondoa hofu ni sahihi. Baadaye nimewatibu watoto zaidi ya mia nne kwa njia hiyo, na wengi walipona. Nikajiambia sikudanganya, nimeisema tu kweli kabla ya wakati wake."

"Kwa wengine."

"Kwa wengine. Si kwako. Nilimwandikia mama yako barua tatu nikimwomba akurudishe nimalize. Hazikujibiwa." Akavua miwani. "Naweza kuimaliza sasa. Ukiniruhusu."

Burhani aliinuka akatoka. Nilimkuta ghorofa ya tatu amekalia ngazi. "Dada Sia, huyu bibi ana akili timamu? Ananipa dawa ya sumu aliyoninywesha mwenyewe?" Nami nilikuwa na langu: sura yangu ya pili ilikuwa imeanguka, na nilikuwa sijathubutu kumwambia mtu.

Wiki mbili zikapita. Burhani alinipigia akiwa Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara. Kwenye banda moja msichana alikuwa akipangusa vioo kwa manyoya, naye akawakimbia wateja wake watatu waliotoka Dar, akawaacha wanashangaa.

"Mwambie nakuja," alisema. "Lakini nitakaa karibu na mlango. Na nikisema basi, ni basi."

Profesa alinijibu kwamba hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya tiba yake. Mtoto hakuweza kusema basi.

Tulikuwa tunakwenda Jumapili mchana. Burhani alibeba chakula chake, tambi za nyama ya kondoo kutoka mkahawa wa Waislamu, kwa sababu Profesa alitaka ale kitu anachokipenda wakati kile anachokiogopa kiko mahali fulani. Siku ya kwanza kifuta vumbi kilikuwa chini kabisa, kwa mlinzi wa jengo. Burhani alikuwa anajua tu kwamba kipo. Jasho lilimtoka, akala. Jumapili iliyofuata kilikuwa ngazi za ghorofa ya nne. Kisha ya tano. Kisha nje ya mlango wa jirani.

Siku moja aliuliza, "Watoto wanaogopa vitu vingi wakakua wakasahau. Mimi kwa nini sikusahau?"

"Kila ulipokimbia ulipata nafuu," Profesa alisema. "Nafuu ndiyo mshahara wa kukimbia. Umelipwa maisha yako yote. Na nyumbani kwenu, bila shaka, mama yako hakuruhusu unyoya uingie."

Ilikuwa kweli. Bi Bimdogo hata mito ya manyoya aliitupa.

Mwezi wa Julai kifuta vumbi kilikuwa juu ya meza, upande wa pili wa chumba. Burhani alikuwa akila huku anakitazama, na mimi nilikuwa nimeanza kuandika maelezo ya ushindi. Ndipo jirani wa chini akadondosha mfuniko wa sufuria. Mlio mmoja tu. Tambi zikaruka, bakuli likavunjika, na Burhani akashuka ghorofa sita bila viatu. Tulimwona dirishani amesimama katikati ya barabara, masikio kayaziba, pikipiki zinampita huku na huku zikipiga honi. Profesa alilia. Alilia bila sauti, akiokota vigae vya bakuli kwa mkono, mpaka akajikata kidole.

Nilidhani hatarudi. Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni na tambi zake. "Tuanze kwa mlinzi," alisema.

Ilipofika Septemba alikishika. Alikishika kwa dakika nzima, machozi yanashuka, kisha akakilaza mezani taratibu. Mpaka leo mtu akimjia na manyoya kwa nyuma anaruka. Profesa aliandika kwenye daftari lake: "Imepungua. Haijaondoka." Akanipa nisome, nikamfasiria Burhani, kisha Profesa akamwomba aweke saini iwapo anakubali. Burhani akataka nimsomee tena, akaweka.

Wakati huo huo Profesa alikuwa ameandika barua ya masahihisho kwa jarida lililoichapisha kazi ya Mtoto B kabla ya kitabu. Msimamizi wangu, aliyefundishwa naye, alikwenda kwake kumsihi asiipeleke. Alimwambia ataivunja idara, atawavunja wote waliojenga juu yake. Akanitaja na mimi. Naona aibu kusema kwamba kwa siku moja, siku moja nzima, nilimwombea msimamizi wangu afanikiwe.

Profesa hakukubali. Alitaka jambo moja kwanza, azungumze na mama wa mtoto. Bi Bimdogo alikataa miezi miwili. Burhani hakumlazimisha. Walikuwa wameanza tena kuzungumza wawili hao, kwa shida, mambo ya afya na hali ya hewa. Jumapili moja ya Oktoba tukiwa kwa Profesa, simu ikalia.

"Yupo hapo?" Bi Bimdogo aliuliza.

"Yupo, mama. Na dada Sia yupo, atatafsiri."

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue."

Na akaanza kuzungumza Kichina.

Burhani alifungua mdomo na hakuufunga. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia mama yake akitamka hata neno moja la lugha hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amehangaika miaka sita kujifunza Kichina cha sokoni. Mama yake alizungumza Kichina cha darasani, cha zamani, kisicho na kosa, na alizungumza dakika kumi bila kupumzika. Profesa aliinamisha kichwa. Mimi nilielewa kila neno, na mengi ni yao wawili. Nitasema machache.

Alisema barua zote tatu zilimfikia. Alisema alimpenda Profesa kama dada na hilo ndilo lililomuuma. Alisema hamsamehi.

Profesa aliuliza swali moja tu. "Mliporudi, mtoto alilala?"

"Siku tisa hakulala ila mgongoni kwangu," alisema Bi Bimdogo.

Mkono wa Profesa ukaenda wenyewe kwenye kalamu, ukaandika: siku tisa. Kisha akauona mkono wake. Akaiweka kalamu chini kwa haraka, akatutazama mmoja mmoja kwa woga, kama aliyekamatwa akiiba.

"Unaandika?" Bi Bimdogo aliuliza kutoka Unguja. Alikuwa anamjua.

"Naandika. Nisamehe. Nitafuta."

"Usifute. Iweke kwenye hiyo barua yako. Na uandike na jina langu, lote, si mama wa Mtoto B. Mimi ndiye niliyetia saini, na mimi ndiye niliyefungua mlango."

Profesa akauliza jina hilo linaandikwaje kwa herufi za Kilatini. Bi Bimdogo akamtajia herufi moja moja, polepole, naye akaandika huku midomo yake ikizifuatisha.

Masahihisho yalichapishwa Desemba, ukurasa mmoja na nusu. Baadhi ya waliofundishwa na Profesa Ou hawamsalimu tena, na kibao chenye jina lake kimeondolewa kwenye mlango wa maabara. Tasnifu yangu imechelewa mwaka, naiandika upya. Burhani hasomi vizuri maandishi ya Kichina, kwa hiyo jarida lilipotoka alikuja nalo kwangu, nikamwonyesha mstari wa nne kutoka chini. Palikuwa na maneno mawili tu ya herufi za Kilatini, aliyoweza kuyasoma bila msaada wa mtu. Aliyasoma kwa sauti kubwa, akapiga picha ukurasa, akamtumia mama yake.